Sauti ya Kampuni ya Haitikisiki

Nchi yenyewe ipo, ila jina lake haliruhusiwi kuandikwa bila kibali, na jengo la ofisi ya vibali lilibomoka mwaka juzi pamoja na foleni yake. Kwa hiyo tuiite tu nchi ile. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani nazo zilikuwa ghorofa ya pili.

Katika nchi ile aliishi mtu aitwaye Shomvi Mkangara, na Mungu alikuwa amempa sauti. Ilikuwa sauti nzito, laini, ya uvuguvugu, sauti ya mtu anayekutandikia kitanda. Kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya vifo redioni. Wafiwa walisema msiba ukisomwa na Shomvi unapungua nusu, na wengine walisubiri zamu yake ndipo wazike.

Shomvi hakuwa na baba wala mama. Alilelewa na shangazi yake, Mwanahija, muuza dagaa wa soko la Mtakuja, mwanamke mfupi mwenye maneno mafupi. Kila siku saa ya matangazo, shangazi aliweka redio juu ya gunia, akawanyamazisha wateja, akasema, "Mwanangu huyo anawaaga watu." Hakuwahi kumsifu zaidi ya hapo, na Shomvi hakuwahi kuhitaji sifa nyingine.

Sasa tuje kwa kampuni.

Kampuni ya Ujenzi na Uhandisi wa Miundombinu ya Haitikisiki ilianza na toroli, sururu na shemeji. Toroli lilikuwa bovu na sururu haikuwa na mpini, lakini shemeji alikuwa mzima kabisa: ndiye Mheshimiwa Kingazi, Waziri wa Ujenzi. Mwenye kampuni, Fulgensi Tabaro, alikuwa ameoa dada wa waziri baada ya kufikiri sana, na wataalamu wa uchumi wa nchi ile mpaka leo wanaitaja ndoa hiyo kuwa uwekezaji wa kwanza wa kizalendo.

Kazi ya kwanza ya kampuni ilikuwa mtaro wa maji ya mvua kando ya hospitali ya mkoa. Tabaro aliujenga kwa moyo wote, isipokuwa aliuelekeza kinyume, mvua ilipokuja maji yakapanda kutoka barabarani yakaingia wodini. Wagonjwa waliopata nafuu waliogelea. Watu wakadhani kampuni itafukuzwa. Watu wa nchi ile walikuwa bado hawajaendelea. Serikali iliona dharura ile, ikaangalia nani yuko karibu mwenye uzoefu wa mtaro huo, ikampa Tabaro kazi ya kutoa maji, kisha kazi ya kuleta vitanda vipya, kisha kazi ya kujenga hospitali nyingine juu ya kilima.

Siku hiyo, akiwa amekunja suruali mpaka magotini katikati ya wodi ya wazazi, Fulgensi Tabaro alielewa jambo ambalo hakuna chuo kinacholifundisha: kitu kikisimama, kazi imekwisha, kikianguka, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Tangu hapo kampuni ilikua kwa kasi ya kutisha. Haitikisiki Ujenzi ilizaa Haitikisiki Vifusi, ya kuzoa kilichoanguka. Haitikisiki Vifusi ikazaa Haitikisiki Uchunguzi, ya kutafuta sababu ya kuanguka, ambayo kila mara ilikuta sababu ni upepo. Halafu ikaja Haitikisiki Majeneza, na baada yake Haitikisiki Minara ya Kumbukumbu, ambayo minara yake nayo ilikuwa ikianguka, kwa hiyo familia ikaendelea kuongezeka. Nchi jirani zikasikia. Mawaziri wao wakaja na wake zao kujifunza, wakapelekwa kuona magofu, wakapiga picha, wakaondoka na mikataba. Katika miaka michache hapakuwa na mto katika kanda nzima ambao haukuwa na daraja la Haitikisiki ndani yake.

Ni daraja la Mto Ngwenza lililowakutanisha Tabaro na Shomvi.

Daraja lile lilianguka siku ya uzinduzi. Waziri Kingazi alinusurika kwa sababu hotuba yake ilikuwa ndefu mno. Alikuwa bado ukingoni, kwenye kipengele cha shukrani, wakati wananchi waliochoka kusikiliza walipoamua kutangulia kuvuka. Jioni Shomvi aliyasoma majina yao redioni, moja baada ya jingine, kwa ile sauti yake. Tabaro alikuwa ndani ya gari lake akirudi nyumbani. Alisikiliza, akatoa leso, akalia.

"Nani huyo?" alimuuliza dereva. "Amenifanya nisahau kwamba daraja ni langu."

Kesho yake Shomvi aliitwa kwenye makao makuu ya kampuni, jengo ambalo, inafaa kusema, lilijengwa na kampuni nyingine.

"Kijana," alisema Tabaro, "una kipaji, lakini unakitumia umechelewa. Wewe unazungumza na watu wakishakufa. Mimi nataka uzungumze nao kabla."

"Niwaambie nini, mkurugenzi?"

"Kwamba wako salama."

Tabaro alitaja mshahara. Shomvi aliomba autaje tena, na kwa namna alivyoomba, Tabaro akajua amempata. Akawa Msemaji Mkuu wa Haitikisiki, akapewa gari, nyumba na suti nne, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaeleza waandishi wa habari kuhusu daraja la Ngwenza.

"Ndugu waandishi," alisema Shomvi, na ukumbi ukatulia kama watoto waliolazwa, "kumekuwa na maneno ya mitaani kwamba daraja letu limeanguka. Si kweli. Daraja limeshuka kukagua nguzo zake."

Mwandishi mmoja mgeni aliuliza, "Na litapanda lini?"

"Ukaguzi ukikamilika."

Waandishi waliandika, na kwa kuwa sauti ilikuwa nzuri hawakuona mahali pa kuweka alama ya kuuliza.

Jioni ile Shomvi alikwenda kula kwa shangazi, akiwa na suti mpya. Mwanahija alimwekea ugali mkubwa kwenye sahani, akakaa, akamtazama. Shomvi alisubiri.

"Shangazi, mboga je?"

"Mboga imeshuka kukagua sufuria."

Shomvi alicheka peke yake. Nyumba ya pili kulikuwa na turubai na watu wamekaa kwenye mikeka. Alikuwa amelipita akifikiri ni arusi.

"Mume wa Mama Tabu alikuwa juu ya daraja," alisema shangazi. "Juzi ulisoma jina lake vizuri sana. Leo umesema hajaanguka popote. Sasa mwenzangu ananiuliza amzike yupi."

Shomvi alikula ugali mkavu, akaaga. Kwa siku kadhaa alikuwa akiamka na jina la yule marehemu mdomoni, kama mtu aliyelala na kipande cha mua. Kisha mshahara ukaingia, na jina likatoka.

*

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. Shule iliyoangukia uwanja wake wa michezo, Shomvi aliieleza kuwa imetoka mapumziko. Barabara ya kwenda mpakani, iliyosombwa na mvua ya kwanza, aliitangaza kuwa imesafirishwa nje. Bungeni alitokea mbunge mmoja mkorofi akauliza kwa nini kila kitu kinabomoka. Mheshimiwa Kingazi alisimama, akavaa miwani, akavua miwani.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "kila nchi duniani ina majengo. Lakini ni nchi ngapi zina majengo yenye unyenyekevu? Majengo ya wenzetu yanasimama tu, yana kiburi, hayamjui mtu. Ya kwetu yanajua kupiga magoti!"

Wabunge walipiga meza mpaka vumbi la dari likawadondokea, kwa kuwa ukumbi ule ulikuwa umekarabatiwa karibuni, na ninyi mnajua na nani. Mbunge mkorofi alipelekwa kwenye kamati ya nidhamu, na kamati ikakaa kwenye jengo la Haitikisiki, na hakuna tena aliyemsikia yeye wala kamati.

Ndipo kampuni ikalitazama soko la Mtakuja.

Soko la Mtakuja lilikuwa miti na mabati. Lilikuwepo kabla ya kampuni, kabla ya waziri, na wengine walisema kabla ya serikali. Haitikisiki ilitaka pale pawe na Soko la Kisasa la ghorofa, ila wachuuzi walikataa kuondoka. Basi Shomvi akatumwa na gari la matangazo, lenye vipaza sauti juu kama pembe, akawaambie kwamba soko lao ni hatari na litawaangukia wakati wowote.

"Litatuangukia na nini, Shomvi?" alipaza sauti Mama Tabu, muuza mihogo, mwenye kaniki ya ujane. "Bati? Bati likikuangukia unalitoa kichwani unarudi kazini!"

Wenzake walicheka. Shomvi alirudi kesho yake na keshokutwa, akaeleza hatari ile kwa sauti ya upendo kabisa. Wachuuzi walipozidi kucheka, mgambo wakaja alfajiri na magreda wakalisaidia soko kuanguka. Shomvi akasimama mbele ya mabati yaliyokunjika akasema, kama alivyoelekezwa, "Mnaona sasa? Tuliwaambia."

Shangazi Mwanahija alikuwa amekaa juu ya gunia lake, dagaa zimemwagika zimepondwa na matairi. Hakulia. Alikuwa akiokota dagaa mojamoja, akipuliza mchanga. Shomvi alitaka kushuka garini akamsaidie, lakini viatu vyake vilikuwa vya ngozi, na pale palikuwa na matope. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa wakati ule.

Soko jipya lilipanda upesi, maana uchaguzi ulikuwa karibu. Saruji ilichanganywa na mchanga wa pwani ambao bado ulikuwa na kombe ndani yake, na nondo zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mafundi walizikunja kwa mkono. Mtukufu Rais alikuja kulizindua. Walinzi wake, ambao walikuwa watu wa kusoma, walimshauri akate utepe akiwa upande wa pili wa mji, kwa hiyo ulifungwa utepe mrefu kuliko wote katika historia ya kanda, ukapita mitaani, ukazunguka makaburi, na mtukufu akaukata kule akapungia mkono moshi wa mbali. Wananchi waliokuwa sokoni walijua limezinduliwa pale utepe ulipolegea.

Wachuuzi waliamriwa kuingia. Wengine waligoma, mgambo wakawaelimisha. Mwanahija alipewa kizimba cha chini, jirani na nguzo kuu, na Mama Tabu akapewa cha mkabala.

*

Haukupita muda mrefu shangazi akamtumia Shomvi ujumbe, na haikuwa kawaida yake kumwita tangu siku ya mabati. Shomvi alikwenda jioni, soko likifungwa.

"Weka mkono hapo," alisema shangazi, akionyesha nguzo.

Shomvi aliweka kiganja. Nguzo ilikuwa ikitetemeka kidogo kidogo, kama ubavu wa ng'ombe nzi anapotua.

"Ni malori yanayopita barabarani, shangazi."

"Malori hayo yanapita hata kukiwa hakuna lori. Tazama dagaa zangu. Hii nguzo inatema kokoto usiku kucha. Wateja wanasema nawauzia mawe. Na mlango wa stoo juzi ulikuwa unafunga, jana ukafunga kwa teke, leo haufungi kabisa."

"Nitaongea na wahandisi."

"Usiniambie hivyo kwa hiyo sauti," alisema shangazi. "Niambie kwa ile nyingine, uliyokuwa nayo ukiwa mdogo."

Shomvi alijaribu kuitafuta, hakuipata. Alikwenda moja kwa moja kwa Tabaro, akamkuta amekaa na Waziri Kingazi wakila korosho.

"Mkurugenzi, soko la Mtakuja linaanguka."

"Najua," alisema Tabaro. "Lilitakiwa lianguke baada ya uchaguzi. Tulishakubaliana na kila mtu. Ila zile nguzo hazina nidhamu."

"Basi tuwatoe watu."

Waziri alitabasamu, kama mwalimu anayesikia swali zuri la darasa la kwanza. "Tukiwatoa, tutakuwa tumejua. Na tukiwa tumejua, tutachunguza nini? Haitikisiki Uchunguzi ina wafanyakazi wenye familia, kijana. Nao ni binadamu."

"Mheshimiwa, soko limejaa watu!"

"Ndiyo maana likaitwa soko," alisema Tabaro, akasogeza bakuli. "Kula korosho. Maneno yako tumeshakuandalia. Utasema soko limejipumzisha. Useme polepole pale kwenye *limejipumzisha*, kama ulivyofanya kwenye daraja. Shemeji alilia."

"Shangazi yangu ana kizimba mle."

Tabaro alimtazama kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya kwa watu aliokuwa akiwafahamu. "Mwambie kesho asije. Asimwambie mtu kwa nini. Tusije tukazua taharuki."

Shomvi alichukua korosho moja, akatoka nayo mkononi, akaitupa kwenye ngazi. Alikwenda kwa shangazi akamwambia asiende sokoni kesho.

"Na Mama Tabu?" aliuliza shangazi.

Shomvi alirudia: kesho asiende.

"Na yule wa nyanya mwenye mimba? Na wale wa juu wa mitumba?"

"Shangazi, nimekuja kukuambia wewe."

"Basi nimesikia mimi," alisema Mwanahija. "Nitakwenda mapema, niwahi wateja."

*

Asubuhi Shomvi alichukua gari la matangazo bila kumuaga mtu, akaliegesha mbele ya soko. Soko lilikuwa limefurika, ilikuwa Jumamosi. Aliwasha vipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Tokeni nje! Jengo hili si salama! Linaanguka! Tokeni sasa hivi!"

Kisha soko zima, ghorofa kwa ghorofa, likaangua kicheko.

"Ameanza tena!" alisema mtu wa mitumba kutoka juu. "Mmeshapata wengine wa kuwapa vizimba vyetu!"

"Safari hii mnataka kujenga nini, uwanja wa ndege?"

Mama Tabu alitoka mpaka mlangoni, mihogo miwili mkononi. "Mume wangu ulisema hajaanguka, akawa ameanguka. Soko letu ulisema litaanguka, likawa limesimama mpaka mlipoliangusha. Leo unasema hili linaanguka. Basi mimi najua hili ndilo imara kuliko yote." Akavua ndala yake akamrushia. Ilimpata kifuani, kwenye tai.

Shomvi alimwona shangazi nyuma ya Mama Tabu, kando ya nguzo, amesimama. Shangazi hakucheka. Alikuwa akitazama juu, mahali ambapo dari lilikuwa limeanza kutoa mlio kama mtu anayevunja vidole vyake.

Shomvi alilia kwenye kipaza sauti. Aliwaapia kwa Mungu, akawaapia kwa marehemu mama yake, akasema kweli yote: mchanga wa pwani, nondo, korosho. Kadiri alivyosema kweli ndivyo watu walivyozidi kurudi kwenye biashara zao. Hawakuwa wamewahi kumsikia hivyo, sauti ikikatika, ikikwaruza, na waliona wazi kwamba anaigiza.

Ndipo Shomvi akazima kipaza sauti. Akafuta uso. Akanyoosha tai, akapumua mpaka tumboni, akawasha tena. Na ilitoka ile sauti ya suti nne, laini, ya uvuguvugu, isiyokuwa na haraka.

"Ndugu wananchi. Kampuni yenu ya Haitikisiki, kwa kuthamini mchango wenu katika uchaguzi ujao, inawatangazia zawadi ya kanga doti mbili, sukari na mafuta ya kupikia, kwa kila mtu. Zawadi zinatolewa sasa hivi kwenye kiwanja cha mpira. Atakayechelewa hatapata."

Hakuna aliyeuliza swali. Soko lilimwagika. Walitoka kwa milango, kwa madirisha, kwa ngazi ambazo hazijawahi kubeba watu wengi hivyo. Mwenye duka la vitabu alitoka, mnyoaji alitoka na mteja aliyenyolewa nusu, afisa wa soko alitoka mbele ya wote. Mwanamke wa nyanya alibebwa na shemeji zake. Mama Tabu alikimbia na ndala moja. Mwanahija alikuwa wa mwisho, alikuwa akipita vizimbani akiwafukuza waliosita, akiwachapa kwa ufagio: "Kanga! Hamsikii? Kanga!"

Alipomfikia Shomvi kwenye gari, walitazamana. "Sukari umeiongeza ya nini?" aliuliza akihema. "Kanga zingetosha."

Kisha nyuma yake soko likaketi. Lilianza na nguzo kuu, halafu ghorofa zikafuata, moja juu ya nyingine, taratibu, kwa heshima, kama waziri alivyowahi kueleza. Vumbi lilipanda likafunika jua. Lilipotua hapakuwa na kitu isipokuwa lundo, na juu yake bango lililosema MIAKA MIA MOJA YA UHAKIKA.

Hakufa mtu hata mmoja. Haijawahi kutokea katika nchi ile, na hakuna idara iliyokuwa imejiandaa.

Kiwanjani watu walisimama wakitazama vumbi. Wengine walikaa chini, wengine walishika vichwa vya watoto wao wakivipapasa. Halafu sauti moja, ya mtu ambaye mpaka leo hajajulikana, ikauliza:

"Sasa kanga ziko wapi?"

*

Shomvi alikamatwa akiwa bado kwenye gari. Watu waliokuwa wakimtafuta kwa ajili ya sukari ndio waliowaonyesha polisi alipo.

Tabaro alimtembelea mahabusu, amekasirika kwa mara ya kwanza.

"Unajua umetutia hasara gani? Haitikisiki Majeneza imeajiri mafundi seremala wapya. Minara ya Kumbukumbu walishachonga jiwe, limebaki majina tu. Tutawaambia nini?"

Kisha akapoa, maana alikuwa mfanyabiashara. Akavuta kiti. "Lakini nimefikiri na shemeji. Tutaanzisha Haitikisiki Uokoaji. Utakuwa mkurugenzi wake. Unachotakiwa ni kusema kwamba lile lilikuwa zoezi letu, tulilipanga, tukaliangusha soko kwa makusudi kuonyesha uwezo. Nchi jirani tayari wanaulizia bei. Uliseme tu kesho redioni, kwa ile sauti."

Shomvi alimtazama. Aliwaza ile nyumba, gari, suti. Aliwaza nguzo ilivyokuwa ikitetemeka chini ya kiganja chake. Alifungua mdomo, na Tabaro akainama mbele kusikiliza.

"Mkurugenzi," alisema Shomvi, na ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyepiga kelele asubuhi nzima, "nenda kaseme mwenyewe."

Alishtakiwa kwa kutangaza uongo. Ilikuwa kesi ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya nchi ile, na wanasheria walikuja kutoka mbali kuiangalia. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba mshtakiwa, akiwa msemaji wa kampuni yenye sifa ya ukweli usiotiliwa shaka, aliwaahidi wananchi kanga ambazo hazikuwepo, na hivyo kutikisa imani ya umma kwa Haitikisiki. Alimwita shahidi wake: Mwanahija, muuza dagaa.

"Mama, uliahidiwa kanga?"

"Niliahidiwa."

"Uliipata?"

"Sikuipata."

"Hata moja?"

"Hata pindo."

Ukumbi ulicheka. Mwendesha mashtaka alishukuru, akakaa. Shangazi hakushuka kizimbani.

"Mama, unaweza kwenda," alisema hakimu.

"Sijamaliza."

"Umeulizwa, umejibu."

"Mmeniuliza kanga," alisema Mwanahija. "Mbona hamniulizi kama nipo hai?"

Kicheko kilikatika. Kwenye benchi la nyuma, Mama Tabu, ambaye alikuja kudai mafuta yake ya kupikia, aliinua macho. Hakimu aliinama akaandika kwamba shahidi ametoka nje ya mada, akaamuru aondolewe, akamhukumu Shomvi kifungo, na akatangaza kwamba mahakama inaahirishwa kwa sababu dari linadondosha vitu.

Walimpakia Shomvi kwenye karandinga. Alikaa karibu na wavu, pingu mikononi. Gari liliwashwa, likasogea kidogo, likasimama.

Mama Tabu alikuwa amekaa katikati ya barabara, mbele ya magurudumu. Hakuwa na mpango wowote. Miguu ilikuwa imemuuma kwa kusimama mahakamani, na akaona hapo panafaa. Lakini mwanamke wa nyanya alipomwona amekaa, naye akakaa, polepole, akishika tumbo. Kisha mtu wa mitumba. Kisha mnyoaji. Dereva alipiga honi, na waliokuwa mbali wakaisikia wakaja kuona kuna nini, wakakaa.

"Tokeni barabarani!" alipaza sauti ofisa wa magereza. "Mtaumia!"

Shangazi Mwanahija alifika na gunia lake kichwani, akalitua ubavuni mwa karandinga, akatandika kipande cha turubai juu ya lami, akamwaga dagaa. Mama Tabu akapanga mihogo. Mtu wa mitumba akatundika mashati kwenye kioo cha gari la hakimu. Mpaka jua linafika utosini, barabara ya mahakama ilikuwa imeziba mwanzo hadi mwisho, wateja wanasukumana, mtu anaitia bei ya vitunguu, mtoto analia, na dereva wa karandinga amezima injini.

Shomvi aliitazama ndala moja ya Mama Tabu kupitia wavu, na mguu wake mwingine ulio peku. "Mama Tabu," aliita. Mama Tabu aligeuka. Alimenya tu kipande cha muhogo, akakivunja, akakipenyeza kwenye wavu, akarudi kwa wateja wake.

Ofisa wa magereza, ambaye hakuwa amekunywa hata chai tangu asubuhi, alishuka mwishowe akachuchumaa mbele ya shangazi akauliza bei ya dagaa. Shangazi akamtajia.

"Mbona ghali hivyo, mama? Sokoni zilikuwa nusu ya hapo."

Mwanahija aliinua kidole akamwonyesha mbingu, tupu, hakuna hata wingu.

"Tazama juu," alisema. "Unaona paa la kukuangukia? Basi lipa."